Ioni Tano za Editha

Harufu ya mahindi ya kuchoma ikichanganyika na moshi wa malori bado hunirudisha Lusahunga, mwaka ule tulipokuwa kidato cha pili, mimi na Editha, binti wa mama mdogo. Baba yake alikuwa ameshasema, tena mbele ya wageni: akifeli mtihani wa taifa hakuna kurudia darasa, jembe linamsubiri shambani Kaniha. Kwa hiyo tulisomea pale pale barabarani, madaftari magotini, katikati ya nyanya alizokuwa akiuza mama mdogo.

Kilichomshinda Editha ni kuhesabu ioni. Ukimwandikia Al₂(SO₄)₃, alihesabu kila atomu mpaka anafika kumi na saba. Nikaeleza weee, nikachoka. Mama mdogo, ambaye shule aliiachia darasa la nne, akachungulia daftari akacheka. "Sasa hawa wa kwenye mabano si wamefungwa pamoja? Basi hayo ni mafungu matatu. Mteja anakuuliza mafungu mangapi, wewe unaanza kumhesabia nyanya? Utanifukuzia wateja, mwanangu!" Editha akaruka juu. "Kumbe! Aluminiamu mbili, salfeti tatu. Tano!" Tukashangilia mpaka dereva mmoja akapiga honi.

Siku ya mtihani Editha alikaa mbele yangu kwa pembeni, upande wa dirisha. Swali lile lile la ioni lilikuwepo. Nikamwona anahesabu kwa vidole, nami nikatabasamu, maana mkono mmoja ulitosha. Lakini vidole vya mkono wa kwanza vikaisha, akaanza wa pili, midomo inacheza, nikajua hofu imemrudisha kwenye nyanya mojamoja. Nikakohoa. Nikakohoa tena. "Wewe mwenye kifua, macho kwenye karatasi yako!" akasema msimamizi. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyatazama yakiwa bado yanamwagika.

Hakufaulu. Swali moja halimfelishi mtu, nimejiambia hivyo mara nyingi. Baba yake hakubadili neno.

Siku hizi nauza pembejeo Biharamulo mjini, na bado naota kufanya kazi maabara. Wanafunzi wa sasa wanaiuliza simu, inawajibu. Juzi Editha alikuja kununua mbegu, mtoto amelala mgongoni, akaniuliza huku anacheka, "Hivi lile swali la ioni, wewe uliandika ngapi?" Nikamwambia sikumbuki. Wakati ule nilinyamaza kwa kumwogopa msimamizi. Juzi dukani tulikuwa wawili tu.