Siku Niliyokataa Kuruka Shabunda

Mtu akisikia nilikuwa rubani, anafikiria shati jeupe, miwani ya jua na hoteli za Ulaya. Aka! Shati jeupe lilikuwepo, kweli, na mke wangu alilifua mpaka kola ikaanza kukatika. Lakini kazi yenyewe ilikuwa kubeba bia, chumvi, mabati na bamama wa biashara kutoka Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, hadi Shabunda, ndani ya ndege ya injini mbili iliyonizidi umri. Barabara ya kwenda kule ni jina tu. Watu wa Kamituga angalau wana pikipiki zao na matope yao. Shabunda, ndege isipofika, hata sabuni haifiki.

Na kule hakuna mtu wa hali ya hewa. Kuna uwanja wa udongo mwekundu, mbuzi, na jamaa mmoja mwenye fonie, ile redio ya kizamani inayokwaruza masikio. Jamaa huyo hakuwa mtu wa serikali. Alikuwa ajenti wa wafanyabiashara, na mzigo tuliobeba ndio uliomlisha. Ukimwita asubuhi kumwuliza mbingu iko je, jibu lilikuwa moja: "Iko safi kabisa, komanda! Kujeni!" Siku moja nilisikia kelele kubwa nyuma yake, nikamwuliza ni kelele ya nini. Akaniambia watoto wanacheza juu ya mabati. Kumbe ni mvua.

Kwa hiyo marubani tulijitengenezea desturi yetu, tukaiita kuonja. Kila asubuhi ndege moja inatangulia, iwe ya kampuni gani, haidhuru. Inavuka mlima Kahuzi, rubani anaangalia upande wa pili, halafu anatuambia kwa redio, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: kumefunguka, ao kumefungwa. Akisema kumefungwa anageuza, na sisi wengine tunabaki chini kwa maman wa chai, tunachekana. Mapatron wetu, wenye kampuni, walikuwa wanagombana mjini juu ya wateja, sisi tulionjeana mbingu. Hakuna aliyetufundisha hiyo, na hakuna patron aliyeipenda.

Ndipo mwenzetu mmoja akaangukia msituni. Yeye alikuwa amekataa kuruka asubuhi, patron wake akamtukana mbele ya abiria, mchana akaruka. Kwenye kilio, patron huyohuyo alileta taji la maua ya plastiki na kreti za soda, akatoa hotuba ndefu juu ya ushujaa. Mjane alimwangalia tu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya turubai, nikaona hasira inanipanda. Ushujaa gani? Mtu alisukumwa!

Pale kilioni ndipo tulianza kusema sendika. Ilikuwepo moja Kinshasa, chama cha wafanyakazi wa anga, na ilikuwa imetutumia ujumbe mara nyingi: ingieni, mkifukuzwa kwa sababu ya kukataa hatari, tutawatetea. Jumapili moja baada ya misa tukakutana kwenye nganda moja, baa ya pale Muhumba mjini Bukavu, kando ya ziwa, marubani wa kampuni zote. Tukaagiza sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa, na bia, tukaanza kubishana.

Wa kwanza alikataa hata kabla ya kumeza. "Sendika iko Kinshasa, mimi niko Bukavu. Siku patron atanifukuza, Kinshasa itanitumia ndege ya kuendesha?" Mwingine akasema marubani wa kigeni wamejaa, wanangoja tu sisi tufanye kichwa kigumu. Wa tatu akauliza kama kuna mchango, akaambiwa upo, akashika kichwa: "Mchango tena? Parokia mchango, shule mchango, kilio mchango! Mimi nitakula lini?" Tukacheka, naye akacheka, lakini hakubadilisha neno.

Aliyesimama akanyamazisha wote ni copilote wangu, kijana niliyekuwa nakaa naye, mimi siti ya kushoto ya komanda, yeye siti ya kulia. Huyo nilimfundisha mwenyewe kutua Shabunda, jinsi ya kugusa udongo mapema kabla mteremko haujakuvuta. Alikuwa anakula kwangu kama nyumbani kwao, mke wangu anamwita shemeji. Aligonga meza mpaka sahani ya sambaza ikaruka. "Tuko batu ao tuko mizigo?" aliuliza. "Mwenzetu alikufa ju alikuwa yeye peke yake. Angesema hapana na sisi bote tuseme hapana, patron angeruka na nani? Na mke wake?" Jamani, tulimpigia makofi. Mimi nilijisikia kama baba siku ya ubatizo.

Mzee wetu, rubani mkongwe kuliko wote pale, hakupiga makofi. Alikunywa kidogo, akafuta sharubu. "Karatasi ya Kinshasa ni rahisi," alisema. "Tujaribu kwanza midomo yetu. Tuweke neno moja tu: safari ambayo mumoja wetu amekataa ju ya mbingu, mwingine haigusi. Tukilishika hilo masika yote, tunaingia sendika bote pamoja. Tukishindwa, tusimpotezee mutu wakati." Kila mtu aliinua mkono, hata yule wa mchango. Copilote wangu aliinua yote miwili.

Sikujua kwamba wa kwanza kukataa ningekuwa mimi.

Ilikuwa asubuhi ya mvua nyembamba, ile inayokufanya utafute koti hata kama huna baridi. Kahuzi haikuonekana kabisa. Mwonjaji wa siku ile alikuwa Mzee mwenyewe; alivuka, halafu sauti yake ikaja redioni: "Kumefungwa. Ninageuza. Musikuje." Basi, kwa sisi mambo yalikuwa yamekwisha. Nikaenda kwa maman wa chai.

Lakini yule ajenti wa Shabunda naye alikuwa amesema yake kwa fonie: iko safi kabisa. Na patron wangu alichagua kumsikia huyo. Alikuja Kavumu mwenyewe na gari lake, viatu vyake vya kung'aa ndani ya madimbwi, akanisimamia mbele ya abiria waliokuwa wanakaa juu ya mizigo yao.

"Komanda, kwa nini hamujaondoka?"

"Mbingu imefungwa, patron. Mzee amegeuza."

"Mzee wako haniendeshei kampuni. Shabunda wanasema iko safi."

"Shabunda wanasema iko safi hata usiku, patron."

Abiria wengine walicheka, na hicho ndicho kilichomchoma. Akauliza, "Unakataa?" Nikasema, "Nakataa." Nilisema kwa sauti, wenzangu wote wasikie, kwa maana walikuwa pale wamejipanga chini ya bawa wakikimbia mvua. Sikuwa na woga, nasema ukweli. Nilijua nyuma yangu kuna ukuta.

Patron hakunipigia kelele. Alinipita tu, akamwendea copilote wangu, akamshika bega. "Na wewe, kijana? Ukikaa kushoto leo, unabaki kushoto. Leo wewe ni komanda."

Nilimwangalia. Yeye aliangalia viatu vyake. Nilingoja aseme lile neno fupi alilolitetea kwa ngumi Muhumba, neno ambalo mtoto mchanga analijua. Akasema, "Mukubwa, unielewe." Mimi, mukubwa wake! Halafu akazunguka ndege kuikagua, kwa utaratibu niliomfundisha, akigusa kila mahali nilipomwambia aguse. Siti ya kulia ilipata mtu upesi, mmoja wa wale walioinua mkono. Wengine waliokuwa chini ya bawa walisogea pembeni ili ndege ipite. Hicho tu ndicho walichofanya, walisogea.

Mzee alishatua wakati huo. Aliwaona wanapanda, akashuka kwenye ndege yake, akaja akasimama karibu nami. Bamama walipanda wakifanya ishara ya msalaba. Ndege ilikimbia ndani ya maji, ikainuka, ikaingia kwenye wingu, tukabaki na mlio, halafu na mvua.

Nilikaa juu ya kidumu kitupu cha mafuta karibu na hanga, banda la ndege, nikatoa rozari. Mtu anaweza kunidhania vibaya, kwa hiyo niseme wazi: nilimwombea arudi. Nilikuwa na hasira ya kumtafuna mbichi, lakini nilimwombea kwa moyo wangu wote, yeye na bamama wale na yule mwingine wa kulia. Salamu Maria, Salamu Maria, mpaka vidole vikafa ganzi. Nilijua kuna nini nyuma ya ule mlima. Miti mirefu, na mteremko, na ajenti mwenye mabati.

Alirudi. Mchana mvua ilikuwa imepungua, tukasikia injini, na ndege ikatokea upande wa Lwiro chini kabisa, ikatua vizuri kama nilivyomfundisha. Abiria wa kurudi walipiga makofi. Mungu ni shahidi, nilifurahi mpaka machozi.

Patron alimkumbatia mbele ya watu wote. Halafu akatugeukia sisi, akauliza kwa upole sana, "Mumeona? Mbingu ilikuwa safi. Woga nao mutu anaweza kuuita usalama." Marubani wakaenda mmoja mmoja kumpa mkono kijana, komanda, komanda, hongera. Yule wa mchango alikuwa wa kwanza. Mzee peke yake alirudi kwenye gari lake, na jioni ile alinipigia simu kusema maneno mawili tu, kwamba sendika imekwisha. Mimi niliambiwa nisirudi kesho.

Nilipokuwa nakusanya koti langu na kofia, kijana alinifuata nyuma ya hanga. Alikuwa ameniletea mkungu wa ndizi kutoka Shabunda, kama tunavyofanya siku zote, kwani rubani harudi kwake mikono mitupu. Aliangalia nyuma kama kuna mtu anayesikia. "Mukubwa," alisema, "kulikuwa kumefungwa. Kumefungwa kabisa. Sikuona uwanja. Niliona miti, chini ya bawa hivi, nikavuta, nikazunguka, nikavuta tena. Ni Mungu tu."

Nikamwambia, "Waambie basi. Wako pale bote. Waambie hayo maneno uliyoniambia mimi."

Aliangalia kule walikokuwa wengine. Halafu akasema, "Mukubwa, leo ni siku yangu ya kwanza." Akaweka ndizi chini, akaenda kupigwa picha.

Ndizi hizo nilizibeba nyumbani. Mke wangu alizipokea, akauliza, "Shemeji anaendelea je?" Nikasema, amekuwa komanda. Akapiga kigelegele, maskini, kabla sijamwambia mengine. Alipoyasikia alikaa chini mlangoni, akazimenya, na usiku hakuna aliyezila isipokuwa watoto.

Siku hizi nafundisha hesabu kwenye shule moja njiani kuelekea Lwiro, na nyumba yetu haiko mbali na uwanja, kwa hiyo hakuna ndege inayopita nisiijue. Kuonja bado kuko. Mwonjaji sasa ni yeye, mapatron wamempenda. Wenzangu wa zamani nikikutana nao kwenye basi wananiambia, huku wakiangalia dirishani, kwamba kila asubuhi anavuka Kahuzi na kusema kwa redio: iko safi, kujeni. Nao wanaenda. Wanajua, na wanaenda.

Asubuhi Kahuzi ikifunikwa, nasimama mlangoni na chaki mkononi, nasikia injini zinainuka moja baada ya nyingine, na wanafunzi wananingoja niandike. Ninawaombea. Sijawahi kuacha hata siku moja kuwaombea warudi. Na wanarudi, asante Mungu, wanarudi wote, na kila wanaporudi mimi ndiye mwoga.