Uso wa Mume Wangu kwenye Bango

Watu wa kile chama walikuja matangani siku ya Jumamosi, jua likiwaka, wakadhani tumekusanyika kwa ajili yao.

Naanza na kosa hilo kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka humo. Mimi ni Mkongo wa Fizi niliyekulia kambini Kigoma. Darasa la saba ndilo langu. Kwetu mtu akifa, watu hawaulizi nyumba ina ukubwa gani, wanakuja tu. Sebule yetu ya Garland, hapa Texas, ilipojaa wanawake waliokaa chini kwenye mikeka, wanaume walitoa viti nje wakavipanga kwenye maegesho, wakafunga turubai kati ya magari mawili. Picha ya mume wangu iliwekwa juu ya meza ndogo mlangoni, imezungushiwa kitambaa cheupe. Watoto walikuwa wanakimbizana wakipigiana kelele kwa Kiingereza. Kwa mtu anayetazama kutoka barabarani, lazima tulionekana kama mkutano.

Chama chenyewe ni kidogo. Chama cha ujamaa, ndivyo walivyojitambulisha. Neno hilo nililisikia Kigoma kwa wazee wa Kitanzania, mmoja akilisema kwa kucheka, mwingine kwa kusikitika. Sikutegemea kulikuta Texas midomoni mwa vijana wa Kizungu waliovaa fulana nyekundu. Walikuwa wachache, wale wale kila mara, na walishapita majengoni mwetu wakigonga milango kwa ajili ya viyoyozi. Upande wetu wote viyoyozi vilikuwa vimekufa tangu joto lilipoanza. Ukienda kwenye ofisi ya majengo, mwanamke wa mapokezi anakuambia kipuri kimeagizwa. Alikuwa amejitupia koti mabegani, maana ofisi yake ilikuwa na baridi. Koti hilo sijalisahau.

Basi chama kilikuwa kimebandika matangazo kwamba Jumamosi ile kutakuwa na mkutano wa wapangaji kwenye maegesho. Wapangaji hatukuyasoma. Tulikuwa na msiba.

Wakashuka kwenye gari, wakaona viti, turubai na umati, nyuso zikawang'aa. Sisi nasi tulipowaona tukadhani ni watu wa kanisa, mojawapo ya yale makanisa yaliyotuletea magodoro tulipofika nchi hii. Mzee wa ukoo akawapisha viti vya mbele. Wakapewa maji. Kisha, kama ilivyo desturi, wageni wakaombwa kusema neno la faraja.

Mkubwa wao, mwanamume mwenye ndevu, alisimama. Aliyemtafsiria alikuwa msichana wa Kikenya, mwanafunzi anayekaa DeSoto, ndiye peke yake kati yao aliyejua Kiswahili.

"Wenye majengo wanatajirika huku nyinyi mnaiva kwa joto!" msichana alitafsiri.

"Amina," wazee wakaitikia.

"Je, mko tayari kupigana?"

Wanawake waliokuwa mlangoni wakatazamana. Shangazi yangu alininong'oneza, "Kanisa gani hili la kupigana?"

"La Kipentekoste," akajibu mwanamke wa nyuma yetu. "Nyamaza, wanaleta neno."

"Anayekubali anyooshe mkono juu!"

Watu wakanyoosha mikono. Kwetu mchungaji akisema mikono juu, inakwenda juu, wengine na macho wamefumba. Mmoja wa wale vijana akapiga picha, tena na tena.

Ni yule msichana aliyestuka kwanza. Aliona kitambaa cheupe, akamwona shangazi yangu anafuta machozi, akakatiza tafsiri katikati ya sentensi. Akaja ndani akapiga magoti mbele yangu kwenye mkeka. Siwezi kusema hakuwa na adabu.

"Mama, pole sana. Woi, hatukujua. Ni nani ameenda?"

"Mume wangu."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Alitoka kazini asubuhi, akalala. Mimi niliporudi nilimkuta hivyo hivyo."

Mume wangu alikuwa anapakia mizigo uwanja wa ndege, upande wa Irving, zamu ya usiku. Kwa hiyo usingizi wake ulikuwa wa mchana, saa ambazo chumba kile kilikuwa kama ndani ya sufuria. Alikuwa analala sakafuni, taulo lililoloweshwa kifuani. Nilimkuta na taulo limeshakauka.

"Alilala humu ndani?" msichana akauliza. "Bila AC?"

"Bila."

Akanishika mkono, akatoka kwenda kumnong'oneza mwenye ndevu. Nikayaona macho ya mwanamume yule yakitoka kwa mnong'onezaji yakaenda kwenye picha, yakakaa pale. Nimewahi kuona mtu akiangalia ng'ombe mnadani kwa macho ya namna hiyo. Kabla hawajaondoka, yule kijana wa kamera akainama mbele ya meza akaipiga picha ya mume wangu.

Baada ya mazishi walirudi. Walileta feni. Nalisema hili kwa sababu ni kweli: ofisi haikuleta kitu, mchungaji alileta ushauri kwamba tusije tukaonekana watu wa fujo katika nchi ya watu, lakini wale walileta feni na feni ilifanya kazi. Msichana na mwenye ndevu wakakaa kwenye kochi. Baraza la mji lingekaa kusikiliza malalamiko ya wapangaji, na walitaka niende.

"Ni sentensi moja tu, Mama," msichana alisema. "Joto limemuua mume wangu. Halafu unakaa."

"Sijui kama ni joto."

"Mama, jamani. Chumba kilikuwa kama oveni, umesema mwenyewe."

"Ndiyo. Na alikuwa na presha. Dawa alikuwa anazisahau. Hospitali walisema ni moyo."

Alimtafsiria mwenye ndevu, naye akatikisa kichwa polepole akasema kitu.

"Anasema hayo ya presha tuyaache."

"Kwa nini?"

"Watayatumia kutushinda."

"Lakini ni kweli."

"Ukweli ni mrefu, Mama, na pale tunapewa dakika mbili."

Nikawaambia waseme viyoyozi vimeharibika, kwamba hilo halina ubishi.

"Hilo tumelisema tangu joto lianze," akajibu. "Nani amesikia? Si ni wewe umeniambia habari za koti la huyo mama wa ofisi?"

Hapo alinipata. Nilikuwa nawachukia wale wa ofisi kuliko yeye alivyowachukia. Lakini nilikuwa nimeolewa na mtu yule tangu kambini, nilimfahamu hata kikohozi chake, na kitu kimoja nilichobaki nacho juu ya kifo chake ni kwamba sikijui. Nani aniambie nikisimulie kana kwamba nilikuwepo? Nikasema hapana. Msichana akasema, "Sawa, Mama," akanikumbatia, wakaondoka. Nikadhani limekwisha.

Kuondoa matanga kulipangwa Houston, kwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Kwetu, kwa jinsi nilivyofundishwa, picha iliyowekwa msibani haitembezwi barabarani. Inakaa na wafiwa mpaka siku hiyo, halafu inafunguliwa kitambaa na kutundikwa ukutani kama picha za watu wengine. Mpaka hapo ni kama maiti bado yuko mikononi mwenu. Niliichukua picha ile nikaipakata njia nzima kutoka Garland, shemeji akiendesha, hatuzungumzi sana.

Siku iliyotangulia shughuli, msichana alinipigia simu. "Mama, nimesikia uko Houston? Hata sisi tuko huku, tuna wenzetu wa hapa. Kesho asubuhi tunasimama mbele ya ofisi kuu ya wenye majengo. Njoo usimame tu. Husemi kitu."

Nilikwenda, shemeji akinipeleka. Sijui nilikuwa natafuta nini. Labda nilitaka kuona jengo la watu wenye viyoyozi vyetu, na nililiona: refu, vioo vitupu, mlinzi ndani amekaa amekunja mikono. Nje, kwenye ukingo wa barabara, walikuwa wao na fulana zao, wachache hata kwa macho ya huruma.

"Shemeji," ndugu wa mume wangu akasema, akinyoosha kidole. "Yule si kaka?"

Ndiye. Mkubwa kama mlango, kwenye karatasi ngumu iliyopigiliwa kijiti, na chini yake maandishi mekundu kwa Kiingereza: Ameuawa na joto. Kijana aliyelishika bango alikuwa amechoka na jua. Alikuwa ameliinamisha juu ya kichwa chake, anajikinga. Uso wa mume wangu ulitazama mbinguni, na kijana yule alikuwa kivulini mwake anakunywa soda.

Nikaanza kuliendea bango.

Msichana alituona akaja mbio. "Mama! Umekuja! Huyu ni shemeji? Karibu, karibu sana." Mwenye ndevu naye akaja, akanishika mikono miwili, akanivuta mbele ya watu wake, akanipa kipaza sauti. Nilikishika. Nilifikiri: vizuri, wacha niseme.

Nilisema kwa Kiswahili, polepole. Nilisema mume wangu amefariki. Nilisema kiyoyozi kilikuwa kimeharibika, tulikwenda ofisini wakatuambia kipuri kimeagizwa, na hakikuja. Nilisema sijui kilichomuua. Nilisema nataka viyoyozi vitengenezwe kwa sababu kuna watoto mle ndani. Nilisema nataka picha yangu, maana matanga hayajaondolewa.

Msichana akachukua kipaza sauti akatafsiri. Kiingereza changu ni cha ghalani ninakofanya kazi, cha weka hapa na toa pale, lakini kinatosha. Alisema: joto limemuua mume wangu, na wao ndio wauaji.

Walipiga makofi, wakapiga na mayowe. Mlinzi ndani ya kioo hakukunjua mikono.

"Umesema nini?" nikamuuliza.

"Nilifupisha, Mama."

"Umenisemea nisichosema."

"Mama, hii ni siasa, si kanisa. Mimi niko upande wako!" Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na nadhani aliamini kila neno. Hilo ndilo lililonichukiza zaidi. Angekuwa mwongo wa kawaida ningejua pa kumweka.

Shemeji alikuwa ameshamfikia yule kijana wa soda. Hakumwambia kitu, aliweka mkono kwenye kijiti. Kijana akaniangalia, akaiangalia picha, akaachia. Bango halikuingia kwenye buti, tukalilaza kiti cha nyuma, nami nikakaa kando yake nimeshika kijiti lisianguke.

Jioni, kabla watu hawajafika, shemeji alichukua mkasi akakata sehemu ya maandishi. Sehemu ya uso hatukujua tuifanye nini. Kuichoma hatuwezi, kuitupa hatuwezi. Tuliiweka nyuma ya kabati, uso umeelekea ukutani, halafu tukaondoa matanga kwa picha yetu ndogo, tukafungua kitambaa, watu wakaimba wakala. Nilipata amani kidogo usiku ule. Nilijiambia nimemrudisha nyumbani.

Niliporudi Garland, baada ya muda mafundi walikuja. Sijui kama ni kelele za Houston, au baraza la mji, au kile kipuri kilifika kweli. Chama kinasema ni chama. Ofisi inasema ni kipuri. Mafundi wenyewe niliwauliza, wakasema wao wametumwa tu. Viyoyozi vya upande wetu vyote vinafanya kazi, na katika chumba alimofia mume wangu sasa mtu anaweza kujifunika blanketi mchana.

Juzi nilisikia mlango unagongwa. Alikuwa yule msichana wa Kikenya, amebeba furushi la vipeperushi, jasho linamtiririka. Alinipa kimoja kwa mikono miwili. Juu kulikuwa na neno la ushindi. Chini kulikuwa na ile picha ya matangani, watu wetu wakiwa wamenyoosha mikono, shangazi yangu amefumba macho. Na pembeni, mdogo kama stempu, mume wangu, na maneno yale yale.

Nilimpa maji. Mtu aliyetoka juani hupewa maji. Akayanywa yote akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu sikumwambia aingie.

"Mna vingapi?" nikauliza.

Akatazama chini. "Vingi, Mama. Vimeshakwenda mpaka Irving."

Nikamrudishia kile chake.

"Lakini Mama," akasema, taratibu, kama mtoto anayeomba asipigwe, "si kumepoa?"

Niliusikia ubaridi mgongoni mwangu, ukitoka chumbani, ukipita kandoni mwangu kwenda kwake.

"Kumepoa," nikamwambia, maana kulikuwa kumepoa. "Na mimi bado sijui kilichomuua."

Nikapokea bilauri yangu, nikafunga mlango. Baridi ilikuwa inatoka nje.