Sukuma Zilizojilinda

Baba alimpa Mama msimu mmoja tu. Mboga zikimshinda, alisema, miwa itafika hadi mlango wa jiko. Aliyasema akicheka, lakini tulijua hatanii. Miaka ile ya tisini, kwetu Matete, miwa ilikuwa imemeza shamba lote isipokuwa kipande cha Mama cha sukuma wiki.

Vidukari walipoingia kwenye sukuma, mimi nilikuwa kidato cha tatu na nilijua kila kitu. Mwalimu wa kilimo alitufundisha kutwanga majani ya maua malulu, yale machungu ya njano yanayoota kwenye ua, kuyaloweka pamoja na pilipili, kutia sabuni kidogo na kunyunyizia mara moja kwa juma. Mimi nikamwambia Mama tunyunyizie kila asubuhi. Dawa ya majani haina madhara, nilisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuvuna chochote. Naichukia sauti ile hadi leo.

Vidukari walikwisha. Sukuma zikabaki fupi, majani magumu, kijani kimekolea, bila tundu hata moja. Nilijivuna kweli. Nyumbani hatukushtuka kitu, kwa sababu Mama alipika kila mboga kwa maziwa, na maziwa huficha uchungu. Wateja wake wa sokoni walikaangia mafuta.

"Mama, hii sukuma yako ni chungu sana," mmoja alikuja kumwambia. "Watoto wangu wametema yote. Unatupeanga dawa?"

Soko lililofuata hakuna aliyesimama mbele yake. Baba hakungoja msimu uishe. Alileta ng'ombe wa kulima, na tangu siku hiyo akapata hadithi ya kuwapa wageni: mke wake ana mkono mchungu, akigusa sukuma inageuka shubiri. Mama alicheka nao. Hakupanda tena hata kunde.

Chuoni ndipo nilipojua. Mmea ukisumbuliwa kila siku, hata kwa dawa ya majani, hujitetea kana kwamba unaliwa. Chakula ambacho ungekitumia kukua hukipeleka kwenye ugumu na uchungu. Sukuma zile hazikuwa na ugonjwa wowote. Mimi ndiye niliyezitisha.

Nilimweleza Mama likizo iliyofuata, akiwa jikoni akikatakata sukuma ya kununua.

"Kwa hivyo si mkono wangu?"

"Si mkono wako, Mama. Ni mimi nilizidisha."

"Basi enda umwambie baba yako."

Baba alikuwa sebuleni na wageni wawili. Nikawaamkia, nikaketi. Aliniuliza habari za chuo, nikasema ni njema. Kisha akaanza ile hadithi ya mkono mchungu, na wageni walipocheka, nami nikacheka. Jikoni, kisu kilinyamaza.