Glasi Iliyojaa Mbele ya Mwanangu

Mwanangu aliacha pombe baada ya kutapika damu. Daktari alituambia waziwazi kwamba akirudia atakufa. Mungu akamnusuru. Alirudi kanisani, akanenepa, kisha akapata kazi kiwandani Japani. Nilipiga magoti kushukuru. Hofu ilianza aliponieleza kwamba kule, kazi ikiisha siku ya Ijumaa, mkubwa wa kazi huwachukua wafanyakazi wote kwenda kunywa, na mgeni anayejitenga huonekana hataki kuwa mwenzao.

"Na wewe unafanyaje?"

"Nakaa nao, Baba. Usiogope."

Niliogopa.

Mwaka jana alikuja likizo na huyo mkubwa wake, mtu wa makamo mwepesi wa kucheka, aliyetamani kuona kreta. Waliporudi kutoka Ngorongoro wakiwa wamejaa vumbi, walinialika kula nao kwenye loji moja hapa Karatu. Mimi niliagiziwa soda. Lakini kwa mwanangu yule mgeni aliinua chupa ya bia, akamimina mpaka povu likafika ukingoni. Mwanangu alishika glasi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaiweka mezani.

Sisi tumelelewa hivi: ukimiminiwa kikombe, unakimaliza. Kukiacha kimejaa ni kumwambia aliyekupa kwamba humwamini. Niliona wazi kwamba mkubwa atachukia, na mwanangu atainywa ili amridhishe. Walipoinuka kwenda kupakua chakula, niliichukua ile glasi, nikaimwaga kwenye chungu cha maua nyuma yangu, nikairudisha tupu. Nikamshukuru Mungu kwa kunifungulia njia.

Mkubwa aliporudi akaiona, akapiga makofi. Akamimina tena, kisha akainua glasi yake juu, akangoja.

"Baba, umefanya nini?" mwanangu aliniuliza kwa Kiiraqw, lugha yetu, huku akimtabasamia mkubwa wake. "Kwao glasi tupu ndiyo inayoomba kujazwa. Ikiwa imejaa wanakuacha. Miaka yote hii naiacha imejaa, hakuna anayenigusa. Sasa anadhani leo nimekubali kunywa naye, tena mbele ya baba yangu."

"Mwambie unaumwa."

"Ataamini vipi? Ameona nimemaliza moja!"

Akainyanyua. Nikaona pua yake ikiitafuta ile harufu kama ng'ombe aliyenusa maji. Nilitaka kuomba, maneno yakanikimbia. Nikamshika mkono.

"Mwambie ni mimi niliyemwaga. Mwambie na habari ya damu."

"Baba, ni mkubwa wangu."

"Mwambie."

Alimwambia, kwa muda mrefu, macho yakiwa mezani. Mkubwa alishusha glasi yake. Aligeuka akatazama maua, akanitazama mimi, wala hakucheka. Kisha akaisogeza glasi ya mwanangu mpaka upande wake, akasema maneno machache.

"Anasemaje?"

"Anauliza kwa nini nilimficha." Mwanangu aliinua macho. "Anasema kuanzia sasa, Ijumaa, nitakaa karibu naye."

Sikuthubutu kuuliza kama huko kukaa karibu kutakuwa kwa kumlinda au kwa kumchunguza. Walisharudi Japani. Jioni yao ni mchana wetu, na kila Ijumaa naweka jembe chini, nakaa kwenye tuta la mahindi na kumwomba Mungu. Ninashukuru kwamba yu hai. Lakini mikono yangu inakuwa baridi juani.