Karata ya Baibui

Mie karata nimezaliwa nazo. Marehemu baba yangu alikuwa hapitishi alasiri bila ya kucheza, na sisi watoto wake wawili, mimi na kaka'angu, alitufundisha kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Sheria yake ya kwanza haikuwa ya turufu wala ya kuhesabu karata zilizokwishapita. Ilikuwa hii: anayekaa mbele yako ndiye mwenzako, walio ubavuni ni maadui, usiwaonyeshe hata ncha. Mimi na kaka tukikaa tunatazamana, na tulikuwa na ishara zetu. Ukishika pua, huna kitu. Ukikuna goti, mwenzako akate. Ukishika sikio, basi unayo kubwa, umeificha, mwenzako atulie tu. Tumewafunga wajomba, tumewafunga majirani, tumewafunga watu waliokuja na maneno mengi kutoka Jang'ombe wakarudi kimya. Nasema haya ieleweke kwamba nilichokifanya sikukifanya kwa ujinga.

Kaka alioa miaka miwili nyuma, mke kutoka Kizimkazi. Huyo wifi yangu alikuwa akipika katika nyumba ya wageni huko huko kusini, na mgeni mmoja wakati wa kuondoka alimwachia zawadi ya boksi zito lenye picha ya mji wa kutisha, taa za zambarau juu mpaka chini. Ndani mlikuwa na karata karibu mia mbili. Mchezo wenyewe ni wa miaka ijayo. Magari yanaruka, watu wamejipandikiza macho ya chuma, na kampuni moja inamiliki kila kitu mpaka maji ya kunywa. Wachezaji ni wadukuzi, wanataka kupenya milango minne ya mitambo ya kampuni wawafungulie watu maji.

"Sasa hii miaka ijayo iko wapi?" Mama aliuliza siku ya kwanza. "Mbona mifereji yetu haitoi maji tangu Jumanne?"

Tulicheka sote. Hata mie nilicheka, sikatai.

Kila mtu anaanza na karata kumi dhaifu. Unazitumia kununulia karata bora zilizopangwa katikati, unazichanganya na zako, na mzunguko wa mbele zinakujia mkononi. Rundo lako linapata nguvu kidogo kidogo. Kampuni nayo haijalala: kila mzunguko inapandisha kengele ya hatari hatua moja na inamwandama mdukuzi mmoja imkamate. Kengele ikifika mwisho, au akikamatwa mmoja, mmekwisha nyote. Hakuna mshindi wa peke yake. Ama mnashinda wote wanne, ama mnaanguka wote wanne, na ndiyo maana unaruhusiwa kumwonyesha mwenzio karata zako, kumwomba na kumpa.

Karata zote zimeandikwa Kiingereza. Wifi alichukua kamusi, akakaa mwezi mzima kila akimaliza kupika, akaandika Kiswahili kwa kalamu kwenye vipande vya karatasi, akavitia ndani ya vifuko vya plastiki vya karata, moja moja. Mie nasomesha Kiingereza sekondari. Hakuniuliza hata neno moja, na mie sikujitolea. Lakini tafsiri yake ilikuwa nzuri, na hilo lilinikera zaidi kuliko ingekuwa mbaya. Karata ya kumfunika mdukuzi asionekane na macho ya kampuni aliipa jina la Baibui. Mama alicheka mpaka akavua miwani akaifuta.

Mama ndiye mwenye haja katika habari hii. Tunaishi wawili tu, yeye na mie, kwenye nyumba ya baba hapa Mji Mkongwe. Mie nashinda skuli, yeye anashinda na redio. Magoti yamemchoka, ngazi zetu zimesimama wima, wiki kwa wiki zinapita hajauona mlango wa nje. Chumba cha juu kitupu. Alichokuwa akikitaka, na akikitaka hasa, ni kaka na mkewe wahamie pale. Alishanunua mpaka mapazia. Wifi alikuwa ameshapata kazi ya kupika hapa mjini, kwa hivyo kuhama walikuwa lazima wahame. Suali lilikuwa wanahamia wapi.

Nikamuuliza kaka, "Mnakuja lini?"

"Mwenzangu hajaamua," akasema. "Kasema tuje kwanza siku za Ijumaa tucheze ule mchezo wake, tuzoeane."

"Ati tuzoeane! Anatufanyia mtihani?"

"Wewe nawe. Mtu anahamia kwa watu, si lazima awajue?"

Mie niliona kama nimepigwa kofi. Nani huyu wa kuja kutupima ndani ya nyumba ya baba yetu? Leo nikiyaandika haya naona alivyokuwa na haki. Siku zile sikutaka kuona.

Basi zikaja Ijumaa. Tukishakula mchana, Mama anatandikiwa mto, sisi tunakaa kitako juu ya mkeka ukumbini. Siku ya kwanza mie nilikwenda moja kwa moja kukaa mbele ya kaka. Wifi akabakia kuliani kwangu, Mama kushotoni.

"Si lazima tukae hivi, wifi," akaniambia kwa upole. "Hapa hakuna adui. Adui ni kampuni."

"Tumezoea," nikamjibu.

Nimezoea, ndiyo. Karata zangu nilizikumbatia kifuani kama mtu anayebeba maziwa. Wifi alikuwa akizilaza zake juu ya mkeka wazi, kila mtu aone. Mama naye akamfuata, akalaza zake. Kaka alikuwa nusu kwa nusu: akimwonyesha mkewe, akinitazama mie. Na mie nikimpa ishara, kwa mazoea tu kwanza, nikashika pua, nikakuna goti, na yeye akatabasamu chini chini kama tulipokuwa watoto. Wallahi nilifurahi. Nilikuwa sijatazamana naye hivyo tangu aoe.

Ijumaa tatu tulifungwa. Kampuni ilitumeza. Wifi hakukasirika hata mara moja. Alikuwa akikusanya karata na kueleza tulipokosea, na kila mara alisema "tulipokosea", hata pale alipokosea mtu mmoja na mtu huyo ni mie.

Ijumaa ya nne mambo yalituendea vizuri. Mama, ambaye alikuwa hajui kompyuta ni mnyama gani, alikuwa na rundo zuri kuliko sisi sote. Milango mitatu ya kampuni tuliifungua, ikabaki mmoja. Kengele ilikuwa hatua moja kabla ya mwisho. Wifi alikuwa akicheza haraka haraka, mashavu yamemjaa damu, na Mama kwa furaha akamtania: "Tulia mwanangu, nyie watu wa shamba mna pupa!" Wifi akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, mie nilikisikia.

Hapo kampuni ikamwandama yeye. Karata ikafunuliwa, macho ya chuma yakaelekea upande wake. Akatazama mkononi mwake, hana kitu cha kujikingia. Akamuuliza Mama, Mama hana. Akamuuliza mumewe, hana.

"Wifi," akanigeukia, "huna Baibui hapo? Ukinipa, mzunguko unaokuja tunashinda. Mama anaufungua ule mlango, nshauhesabu."

Nilikuwa nayo. Ilikuwa ya pili kutoka mwisho, mwandiko wake mwenyewe unanitazama. Na mkono wangu, kabla ya ulimi, ulishakwenda sikioni.

"Sina," nikasema.

Nimejaribu mara nyingi kujitetea. Najiambia ni yale mafunzo ya baba, kwamba karata kubwa haitolewi kwa mtu wa ubavuni. Najiambia nilidhani wifi akianguka, mimi na kaka tutaweza kuumalizia mchezo wawili. Upuuzi. Sheria niliijua, nimeisikia Ijumaa nne mfululizo. Ukweli ni kwamba nilitaka aanguke. Nilitaka kaka'angu aone kwamba mimi na yeye bado tuna siri, na mtu aliyekuja juzi na boksi lake hanayo. Hilo tu. Mtu mzima wa miaka arubaini na moja.

Nikamtazama kaka. Alikuwa ameiona ishara. Akatulia, kama tulivyofundishwa.

Wifi akakamatwa, mchezo ukaisha hapo hapo. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Mama akasema, "Loo, tulishafika! Basi Ijumaa ijayo, inshallah," akainuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani kusali.

Wifi akaanza kukusanya karata. Desturi yake akizikusanya anazihesabu, asije akapoteza hata moja katika zile alizozihangaikia. Akaninyooshea mkono, na mie, sijui nilikuwa nawaza nini, nikampa zangu zote. Akazipitisha moja moja. Akasita.

"Wifi, hii ulikuwa nayo?"

"Sikuiona."

Angeweza kuliamini hilo. Nadhani alitaka kuliamini. Lakini kaka, masikini, kwa kuwa mchezo umekwisha, akadhani sasa ni wakati wa kucheka. "Hukuiona wapi! Si ulishika sikio? Mie nikajua unaivizia kampuni, una hila yako, nikanyamaza zangu."

"Sikio ni nini?" wifi akauliza.

Akaanza kumweleza. Alianza kwa bashasha, pua, goti, sikio, na baba alivyokuwa akicheka, na kila neno sauti ikawa inashuka, maana alikuwa anajisikia mwenyewe anachokisema. Mpaka alipofika mwisho alikuwa ananong'ona.

"Kwa hivyo ulijua anayo," mkewe akasema.

"Nlijua."

"Na mie nlipokuwa naomba?"

Chumbani tulimsikia Mama anatoa salamu kulia na kushoto. Nilitamani mkeka unimeze. Wifi aliirudisha ile Baibui mahali pake katika boksi, akafunga kifuniko, akasema polepole bila ya kutazama mtu, "Mama asijue. Atasononeka bure." Mama alipotoka, wifi akambusu mkono, akamwitikia kila alichosema, akateremka ngazi na mumewe.

Wiki haikutimia, kaka akapiga simu kwamba wamepanga vyumba viwili Mwanakwerekwe.

Mama hakulia. Alikaa na mapazia yake mapajani siku mbili. Siku ya tatu ananiambia, "Ni mie. Ni lile neno langu la watu wa shamba. Nlimtania tu, lakini mtoto wa watu atajuaje? Kaona tunamdharau."

"Siyo hilo, Mama."

"Basi nini?"

Nikasema sijui.

Kila siku alilirejea. Akiosha vyombo analirejea, akisikiliza redio analirejea. Alikuwa akinisimulia mie kosa lake, mie! Nikashindwa, nikamtumia wifi ujumbe wa sauti, nikalia humo ndani, nikamwomba radhi. Jibu lake lilikuwa fupi. "Mie nshakusamehe, wifi. Kuhamia ndo siwezi. Lakini mwambie Mama kwamba hana kosa. Hilo ni lako, mie sintolisema."

Nikaahidi. Nikasema leo, nikasema kesho. Ikafika Ijumaa, Mama akatoka chumbani amevaa baibui lake la kutokea na viatu, mara ya kwanza kwa miezi. "Niitie teksi," akasema. "Nakwenda kumwomba radhi mwenyewe." Nikamwambia hakuna haja, magoti yatamuuma, hakunisikiliza.

Ilikuwa bado fursa. Tulishuka ngazi moja moja, kila kidato anasimama anavuta pumzi, mkono wake umenielemea begani. Vidato ishirini na vitatu, na kila kimoja ningeweza kusema. Kwenye teksi ningeweza kusema. Nilimuuliza kama kiyoyozi kinampiga sana.

Wifi alitukaribisha vizuri, nyumba ndogo, safi, inanukia iliki. Kaka alikuwa kazini. Mama hakutaka hata maji kwanza. Alimshika wifi mikono, akataka kupiga magoti, magoti yale, wifi akamzuia na kumkalisha, naye wifi akachuchumaa mbele yake. Mama akasema yote. Kwamba ulimi hauna mfupa wa kuuzuia, kwamba hakukusudia, kwamba yeye mwenyewe mama yake alikuwa mtu wa shamba na hakuona aibu nalo, kwamba kama kosa lipo ni lake peke yake na watoto wake hawamo.

Wifi alinitazama juu ya bega la Mama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingoja tu. Alingoja muda mrefu, mpaka Mama akaanza kudhani kimya kile ni cha kukataliwa.

Nikainama nikainua birika, nikauliza kama nimmiminie Mama chai.

"Nshakusamehe, Mama," wifi akasema. "Yameisha."

Njia nzima ya kurudi Mama alikuwa mwepesi. Aliongea na dereva, aliulizia bei ya ndizi, alicheka. Tulipofika mlangoni kwetu alisimama chini ya ngazi akapumzika, akanipigapiga mkono.

"Unaona?" akaniambia. "Mtu ukikosa unakwenda unasema. Mara moja tu. Na wewe ulikuwa unanizuia."

"Kweli, Mama," nikamjibu, nikamshika kiwiko tukaanza kupanda.