Shokapu za Kuwafurahisha Watazamaji

Mtaani kwetu Biryogo tulikuwa na ugonjwa mmoja: pikipiki ilikuwa haitoki gereji mpaka kila mwanaume aliye karibu aibonyeze. Fundi cherehani anaacha suruali ya mtu chini ya sindano, muuza vitenge anaacha wateja, wote wanakuja kuulalia usukani. Usukani ukizama, "Imelegea!" Usipozama, "Hapo sawa!" Na fundi, mtu mwenye akili timamu, aliwasikiliza wao kuliko mimi niliyeipanda.

Nilikuwa mchanjaji wa zahanati, mwembamba, na pikipiki yangu ilikuwa ya kupandia milima. Shokapu za mbele, zile za kumeza mishtuko ya njia, zilikuwa zikishuka ghafla mpaka chuma kinagonga chuma. Nikamwomba fundi aweke mafuta mazito kidogo kuliko yaliyokuwamo, kidogo tu, zishuke taratibu. Akapima, akajaza, nikajaribu barabarani. Wallahi, safi kabisa.

Ndipo muuza vitenge, na kitambi chake, akauegemea usukani. "Hii iko laini, sha! Fundi, umezeeka?" Baraza zima likacheka. Fundi akaona haya, akamwaga kazi yake nzuri, akajaza mafuta ya giaboksi, mazito kama asali. "Sasa iko kiume," akasema. Nami nikalipa nikaondoka, mjinga mkubwa.

Kesho yake nilipanda kilima kilicho nyuma ya Gisozi na sanduku la chanjo ya surua, chupa zimelala kwenye barafu. Shokapu hazikushuka hata kidogo; kila jiwe lilinipiga viganjani. Gurudumu halikukanyaga njia, liliruka. Kwenye kona likanitupa, sanduku likapasuka, hakikupona hata kichupa kimoja.

Juu, akina mama kumi na wawili walikuwa wamekaa tangu alfajiri. Niwaambie nini? Niliwaambia warudi mwezi ujao, zamu yangu ikifika. Mmoja, mtoto mgongoni, akauliza kwa upole, "Utakuja kweli?" Nikaapa.

Nilirudi gereji nimefura. Nikafungua skru za chini za shokapu kwa mkono wangu, yale mafuta yakatiririka mchangani.

"Unaniharibia jina mbele za watu," fundi akalalamika.

"Watu gani? Hawa wabonyezaji, au wale waliorudi nyumbani na watoto bila chanjo? Pikipiki unamtengenezea nani wewe?"

Fundi akainama kwenye shokapu. Akajaza upya mafuta yale ya kwanza, kipimo kile kile. Muuza vitenge akanyoosha mkono. Nikamwambia autoe kabla sijamtukana. Astaghfirullah, nilimtukana hata hivyo.

Mwezi uliofuata gurudumu lilipita juu ya mawe yale yale kwa utulivu, na sanduku likafika zima. Walikuja akina mama kumi na mmoja. Yule aliyeniuliza hakuwapo. Jirani yake akasema mtoto anaumwa, amejaa vipele, macho hayafunguki.

Nikaenda kwake. Aliponiona mlangoni na sanduku, alitabasamu. "Nilijua utakuja," akasema, akamfunua mtoto mkono, tayari kwa sindano. Ikabidi nimweleze kwamba chanjo huzuia surua, haiitibu.