Maua ya Nailoni Nyika ya Kaskazini

Tandala jike alikuwa anatafuna ua la harusi.

Sitanii jamani. Masikio mapana, mistari myeupe ubavuni, na mdomoni ua jekundu linang'aa kama kucha zilizopakwa rangi jana.

Mimi ni mama wa watoto wawili na kazi yangu ni kuongoza watalii. Nawapeleka watu nyika ya kaskazini, mvua zikishapita, wakaone maua ya porini na wanyama wanaoyafuata. Nimeshaona chui akidondoka mtini kama gunia la mkaa. Nimeshaona tembo akiegemea gari letu kujikuna. Lakini hilo la tandala lilikuwa jipya.

Ngoja nianze na mwenye kampuni ili mnielewe.

Kampuni ilikuwa ya shemeji yangu, mume wa dada. Anajiita Mkurugenzi Mtendaji. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya mahali pa kuoshea magari. Ukipanda ngazi viatu vinalowa povu. Ndani kuna meza ya kioo yenye ufa, feni inayogeuza shingo kama jirani mmbea, na picha kubwa ya yeye mwenyewe kavaa kofia ya porini.

Kofia ile haikuwahi kuona jua.

Pori alilijua kama ninavyoujua mwezi mimi. Kuna siku alimwonyesha mgeni ngiri, akamwambia huyo ni nguruwe wa mtu katoroka. Mgeni akauliza, "Mwenye nguruwe anaishi wapi?" Shemeji akanyoosha kidole. Akaonyesha kabisa!

Nilimdharau, na sikujificha. Nilimvumilia kwa ajili ya dada tu. Mama alipofariki, dada ndiye aliyenilea. Aliacha shule akawa anashona mapazia ili mimi nisome. Sasa ana duka lake la mapambo ya harusi, anapamba kumbi. Kila nikimlalamikia mumewe ananiambia, "Mdogo wangu, mvumilie. Yule ana moyo mzuri."

Moyo sikuwahi kuuona. Tumbo nililiona.

Basi, mwaka ule mvua ikagoma. Kaskazini kulikauka, hata miiba ilionekana ina kiu. Nikapanda ofisini.

"Shemeji, tuwaambie wageni ukweli. Maua hakuna. Anayetaka wanyama aje, asiyetaka angoje mwakani."

Akavuta tai. Joto lote lile, katinga tai.

"Wewe endesha gari, onyesha wanyama. Mambo ya mkakati niachie mimi."

Mkakati! Mtu ambaye hawezi kufungua mwavuli bila kujibana kidole.

Akatangulia yeye kaskazini, eti kukagua njia. Mimi nikafuata na wageni, watu wa mjini wa kikundi kimoja. Msemaji wao alikuwa mwanamke niliyempa jina Mama Miwani, kwa sababu kila nguo ilikuwa na miwani yake ya jua. Simu aliishika mbele ya uso muda wote, kama mtu anayekinga mbwa.

Tulipokata kona ya mwisho kabla ya kambi, nikakanyaga breki.

Bonde lote limechanua.

Jekundu, njano, zambarau, mpaka kwenye kingo za mto mkavu. Wageni wakapiga vigelegele, wakaruka chini hata gari halijasimama vizuri. Mama Miwani akajilaza katikati ya maua, akaamuru apigwe picha.

Mimi nilishuka polepole. Hewa haikuwa na harufu. Nyuki hakuna. Kipepeo hakuna. Nikainama, nikashika ua moja.

Nailoni, maua ya kupambia harusi kama yale ya dukani kwa dada. Shina ni waya, umechomekwa ardhini.

Nikamkuta shemeji nyuma ya hema la jikoni, shati limemganda kwa jasho.

"Hii ni nini?"

"Punguza sauti. Umeona walivyofurahi?"

"Hapa kuna wanyama wenye njaa, shemeji! Ukame ukizidi, mnyama anajaribu chochote chenye rangi ya uhai. Yang'oe yote, sasa hivi."

"Mnyama ana akili zake. Nani kakuambia swala anakula nailoni?"

Mwongozaji wa safari za wanyama ndiye anayeuliza hivyo.

"Yang'oe."

"Wakiondoka nayang'oa. Kwanza, nani bosi hapa?"

Asubuhi yake, wageni wakiwa wanakunywa chai, ndipo yule tandala alipotokea. Ana ndama, mbavu unazihesabu. Akanusa ua. Akalivuta.

"Ooooh!" wageni wakasema, simu zote juu.

Nikapiga kelele, nikapiga makofi, nikarusha sufuria. Akakimbia hatua chache akiwa ameshameza. Kisha akasimama. Akanyoosha shingo, akakohoa. Sikujua tandala anakohoa kama binadamu. Akapiga goti la mbele, akaanguka upande.

Nilimfikia na koleo la gari. Nikaingiza mkono mdomoni mwake mpaka kiwikoni. Nikaugusa waya. Ulikuwa umejikunja kama ndoano ndani ya koo, kila nikivuta unazidi kuchimba. Pumzi yake ya moto ilinipiga mkononi mara kadhaa.

Halafu haikunipiga tena.

Ndama alisimama pembeni anatuangalia.

Nikatafuta bosi wangu. Alikuwa ndani ya gari, vioo amepandisha. Akafungua kidogo, upana wa midomo yake.

"Waambie alikuwa mzee," akaninong'oneza.

Mzee. Ana ndama anayenyonya.

Nilirudi kwa wageni, mkono umejaa damu, nikang'oa rundo zima la maua nikalitupa mezani kati ya vikombe vya chai.

"Haya ndiyo mliyokuja kuyaona. Nailoni na waya. Mmedanganywa, na mnyama amekufa."

Nilingoja wapige kelele. Nilingoja wamshushe yule bwana garini kwa tai yake.

Mama Miwani akavua miwani. Akaniangalia kwa huruma, mimi.

"Dada, si tulijua tangu jana. Kuna maua yana gundi na vimetameta. Wewe ulidhani sisi ni watoto?"

"Mlijua? Mbona hamkusema?"

"Picha zilitoka vizuri," akasema. "Tusiharibiane safari. Hicho kitu hapo chini mtakiondoa lini?"

Hicho kitu.

Nilichukua magunia ya kuni nikaingia bondeni kung'oa. Hakuna aliyenisaidia. Mwingine alinifuata nyuma akiniomba nimwachie kona moja, hajapiga picha bado. Nilipomaliza, nikaenda kituo cha askari wa wanyamapori nikawaambia kila kitu. Walimbeba ndama. Shemeji wakamwandikia faini, akalipa, akaomba picha na askari.

Tuliporudi mjini sikupitia nyumbani. Nilienda moja kwa moja dukani kwa dada, magunia nyuma ya gari. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia bila kumuumiza. Mumeo ni mwizi. Kakuibia mapambo yako, kaenda kuulia mnyama.

Dada alikuwa anatundika vitambaa. Nikamwaga magunia sakafuni.

Akachutama. Akaokota ua, akalipuliza vumbi.

"Mbona mmeyachafua hivi? Haya yana harusi Jumamosi."

Nikachutama naye.

"Dada. Unajua yalikuwa wapi?"

"Nisijue vipi? Unadhani nani alichora bonde lipangwe vipi? Yule bwana hajui zambarau na bluu." Akacheka kidogo, kicheko kilekile cha upole kilichonilea. "Mdogo wangu, mume wangu hawezi kufikiria jambo kubwa hivyo. Si unamjua."

"Tandala amekufa. Amenifia mkononi."

Akaligeuza ua mkononi. Nilidhani amehuzunika.

"Wageni walilalamika?" akauliza.

"Hapana."

"Basi."

Nikaweka ufunguo wa gari juu ya meza yake nikatoka. Sikulia mpaka nilipofika nyumbani.

Siku hizi nafanya kazi na askari wale, naongoza wageni wachache. Mvua isiponyesha nawaambia maua hakuna. Wengi wanakata simu. Kampuni ya shemeji imenunua gari la pili, na matangazo yao yanasema maua yao hayanyauki mwaka mzima. Hapo hawajadanganya. Na dada tunasalimiana misibani tu.

Wasomaji wangu, nilichojifunza ni hiki. Mjinga anayepiga kelele mbele yako asikushughulishe mno, maana ukimcheka sana hutamwona anayemtuma. Na kabla hujakimbia kumwokoa mtu kwenye uongo, muulize kwanza kama hakuununua mwenyewe.